Paka shume anapigana uani kwangu kila usiku (Ilomba, Mbeya). Nimtibu au nimfukuze?

#1 NyumbaYaBati
Wakuu, habari za jioni. Nipo Ilomba, nyumba ya wapangaji wanne, uani mmoja. Nina paka jike anaitwa Sikujua, jirani yangu ana madume mawili. Tangu Mei limeanza kuja paka shume, la rangi ya chungwa, mashavu kama limeweka andazi kila upande, sikio la kulia limechanika kama tiketi ya daladala iliyokwisha kukatwa. Mwanzo lilikuwa linapita juu ya ukuta tu. Sasa linashinda juu ya bati la choo, na ikifika saa saba, saa nane usiku, ngumi zinaanza. Wakipigana utadhani mtoto kaungua na maji ya ugali.

Juzi asubuhi nimemkuta chini ya karo. Ana uvimbe shingoni ukubwa wa limau, kafumba jicho moja, ananitazama na lile lingine. Nikamwekea usipa, akanusa akaacha. Paka akikataa usipa ujue anaumwa kweli.

Hashikiki, ukinyoosha mkono anakoroma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Namsaidiaje? Na nikimsaidia, si nimemkaribisha rasmi na vita viendelee? Mwenye nyumba keshasema ataweka sumu. Nawasilisha.

#2 Kaka wa Mwanjelwa
Nimekaa pale na karanga zangu. Ngoja waje wajuvi.

#3 Mtwivila Juu
Kamwene. Mwanzisha uzi umeanza na "limeanza kuja, linashinda", ulipofika kwenye uvimbe ukasema "nimemkuta, ananitazama". Huyo umeshamchukua, bado kumpa jina tu.

#4 Fundi Redio
Chanzo ni huyo Sikujua wako. Jike akiwa kwenye joto harufu inakwenda mtaa wa tatu, madume yote ya Ilomba yanahudhuria kikao. Muondoe jike, vita vimekwisha. Mengine ni hadithi.

#5 Babu wa Ludewa
Fahali wawili hawakai zizi moja, na hapo unao watatu. Dawa ni kuhasi. Sisi utotoni tulikuwa tunamtumbukiza paka kichwa mbele kwenye buti la mvua, mkia na miguu ya nyuma inabaki nje, mzee mmoja na wembe, dakika moja kazi imekwisha. Alikuwa anatoka humo anakimbia, jioni anarudi kula.

#6 Saa Nane Kamili
Tuambizane ukweli. Paka wanaopigana saa nane usiku juu ya bati la watu si paka. Wazee wa Rungwe wananielewa.

#7 Kaka wa Mwanjelwa
@Saa Nane Kamili, wewe na jina lako hilo, saa nane usiku huwa uko wapi?

#8 Mifugo Mstaafu
Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi, Rungwe na Mbarali, ng'ombe zaidi kuliko paka, lakini jipu ni jipu. Uvimbe wa shingoni kwa dume anayepigana, kwa kiasi kikubwa ni jipu la kung'atwa. Jino la paka ni jembamba, linaingia ndani pamoja na vijidudu vya mdomoni, likitoka ngozi inajifunga upesi. Juu unaona kitundu kama cha sindano, ndani kunaoza. Siku ya tatu au ya nne ndiyo unaona uvimbe, homa, na kukataa chakula. Likipasuka lenyewe utasikia harufu kabla hujaona kitu. Tukiletewa paka tulikuwa tunaangalia kwanza majeraha yako wapi: yakiwa usoni na miguu ya mbele, huyo anasimama kupigana. Yakiwa mapajani na kwenye shina la mkia, huyo alikuwa anakimbia.

Likishapasuka, chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe, oshea kidonda taratibu. Usilikamue. Kama halijapasuka muachie bwana mifugo alipasue na ampime uzito kabla ya kumchoma antibayotiki. Vidonge vya watu vya kubahatisha hapana.

Sasa hili nalisema kwa sauti, maana ndilo linaloua. USIMPE PARASETAMO. Ini la paka haliwezi kuivunja. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inatosha kumuua. Fizi zinageuka kahawia, uso na miguu vinavimba, anahema. Ile dawa ya kuulia vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia kwenye maji, nayo usimpake. Na wale wanaomwogesha paka kwa dawa ya kupe ya ng'ombe ili wamtoe viroboto: nyingi zina pairethroidi, sumu ya kuua wadudu, paka anaanza kutetemeka na kukakamaa. Kumbuka paka anajilamba. Unachompaka mgongoni, kesho kipo tumboni.

Babu wa Ludewa, shikamoo. Kuhasi ndiyo, ila buti na wembe tuviache huko huko. Siku hizi ni sindano ya usingizi na mikono iliyooshwa, na kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Uliyemuona anakimbia alikuwa anakimbia maumivu.

#9 Babu wa Ludewa
Marahaba. Nimekuelewa, bwana. Nilikuwa naeleza historia, sikusema watu warudie.

#10 NyumbaYaBati
@Mifugo Mstaafu, Mungu akubariki. Parasetamo nilikuwa nimeshaisaga kwenye kisahani pamoja na maziwa, nilikuwa nasubiri aamke. Nimesoma bandiko lako nikiwa nimesimama mlangoni, nimekimbia kumwaga. Mikono inatetemeka mpaka sasa.

#11 Mifugo Mstaafu
Na maziwa nayo si chakula cha paka mkubwa. Wengi yanawaharisha. Mpe maji.

#12 Mama Usipa
Fundi Redio namba 4 unamsingizia jike wa watu. Mimi nauza usipa kutoka Kyela, naujua ugomvi wa paka kuliko ugomvi wa wateja. Wanagombea CHAKULA. Pale kibandani nilikuwa natupa vichwa na makombo sehemu moja, jioni, wakati mmoja. Paka saba, ungo mmoja, ngumi kila siku. Binti yangu akaanza kugawa: kidogo nyuma ya kibanda, kidogo kwa fundi cherehani, kidogo upande wa mtaro, mahali ambapo huyu akila hamuoni yule. Robo saa, anaondoa vyombo, hakibaki kitu cha kulindwa. Ndani ya wiki mbili ngumi zimepungua, na hakuna aliyehasiwa hata mmoja.

NyumbaYaBati, makombo ya Sikujua unayaacha nje usiku? Sema kweli.

#13 NyumbaYaBati
Nayaacha. Sufuria nzima ya ugali na maji ya dagaa, mpaka asubuhi. Na jirani anafanya hivyo hivyo.

#14 Mama Usipa
Basi unafungua hoteli halafu unashangaa wateja.

#15 Kinu cha Ipogolo
Mimi naona wote mmesahau mahindi. Angalieni tarehe. Kaanza kuja Mei, sasa Juni. Kwetu Iringa na huko Mbeya mahindi yanaingia ndani, magunia yamejaa vyumbani na kwenye korido, panya wanahama kutoka shamba kuja mjini. Panya wakihamia mtaa, paka wanafuata, na kila mmoja anataka kona yake. Hapa mashineni kwangu, mwezi wa pili ninao paka wawili wamelala tu. Mwezi wa saba wanafika tisa, nyusi zimekuwa nyeupe kwa unga, wamekaa kila mmoja kwenye gunia lake kama makarani. Ugomvi unakuja akitokea mgeni.

#16 Fundi Redio
Juni ndio msimu wao wa kupandana, baridi ndiyo inawaamsha. Narudi pale pale, jike.

#17 Mifugo Mstaafu
Hapana, si baridi. Kinachomwamsha jike ni urefu wa mchana. Ulaya mchana ukifupika majike wengi wanapumzika. Mbeya tupo kama nyuzi 9 tu kusini mwa ikweta, mchana haupungui sana, kwa hiyo jike asiyeshika mimba anaweza kurudia joto kila baada ya wiki mbili tatu, mwaka mzima. Akishika, wiki tisa anazaa. Kwa hiyo Fundi umepata nusu: jike yumo kwenye kesi, msimu haumo.

#18 Mtwivila Juu
Lakini baridi nayo ina sehemu yake hata kama si ya kupandana. Mama yangu anapika maandazi alfajiri, jiko la mkaa lipo kibarazani. Ngumi zote za paka kwetu zinatokea hatua mbili kutoka kwenye lile jivu. Anayelala karibu na jivu ndiye mfalme. Desemba hakuna anayeligombea.

#19 Kaka wa Mwanjelwa
Mpaka sasa tuna jike, chakula, panya, jivu na wachawi. Karanga zinaelekea kuisha.

#20 Dereva wa Igawa
Mnazunguka sana. Mtie guniani, pandisha gari, mshushe mbele huko. Mbona rahisi.

#21 Mtoto wa Uyole
@Dereva wa Igawa, hilo tumelifanya. Dume la kaka yangu lilikuwa linakojolea viatu, likatiwa kwenye boksi likashushwa Inyala. Siku ya tisa tumeamka limelala juu ya viatu vile vile, limekonda, kwapani pamejaa vishona nguo. Halikutusalimia wiki nzima. Na katika zile siku tisa lilikuwa limeshakuja lingine kukalia nafasi yake, kwa hiyo liliporudi ndio tukaijua vita. Ukimtoa mmoja unafungua nafasi, anaingia mwingine ambaye hajuani na wenyeji.

#22 Dereva wa Igawa
Mlimshusha karibu. Mngempa lori la Tunduma.

#23 Mke wa Mwalimu
Nyie mnacheka, mimi nilijaribu kuamulia kwa mkono. Nilimshika wangu kiunoni, akageuka, akaning'ata chini ya kidole gumba. Hakujua ni mimi. Damu kidogo sana, nikapaka mafuta ya taa nikaendelea kuosha vyombo. Kesho yake mkono umevimba mpaka pete imekatwa kwa koleo. Nililazwa siku tatu.

#24 Mifugo Mstaafu
Pole mama. Hilo jipu la paka tulilosema, ni lile lile ndani ya mkono wa mtu. Paka wakipigana usipeleke mkono wala mguu. Piga sufuria, mwaga maji, tupa kanga juu yao, weka ungo katikati. Ukishang'atwa: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Paka anaweza kubeba kichaa cha mbwa kama mbwa mwenyewe, na kikishaonyesha dalili kwa mtu hakuna tiba. Halmashauri ikitangaza chanjo ya mbwa, beba na paka wako.

#25 Ghana Mashariki
Nimesikia kuna ukimwi wa paka, madume wanaopigana ndio wanao. Je, unatuingia na sisi? Mke wangu ni mjamzito, anataka paka wote waondoke leo.

#26 Mifugo Mstaafu
Upo kweli, uligunduliwa California mwaka 1986. Unapita zaidi kwa kung'atana, ndiyo maana madume shume wanaongoza. Binadamu haumwingii hata kidogo. Paka mwenyewe anaweza kuishi nao miaka.

Kwa mjamzito cha kuangalia ni kingine, toksoplazima, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Vijiyai vyake viko kwenye kinyesi cha paka na vinahitaji siku moja mpaka tano nje kabla ya kuambukiza. Kwa hiyo kinyesi kitolewe kila siku, akitoe mtu mwingine, wewe kwa mfano. Nyama iive, mboga zioshwe vizuri, bustanini avae glavu. Paka hana haja ya kuhama.

#27 Ghana Mashariki
"Wewe kwa mfano." Daah. Asante daktari.

#28 Kaka wa Mwanjelwa
Swali la kuchangamsha. Sikujua ana rangi gani? Maana mimi nina dume langu la rangi tatu, limezaa na kila jike Mwanjelwa.

#29 NyumbaYaBati
Rangi tatu. Nyeupe, nyeusi, chungwa.

#30 Mtwivila Juu
Kaka wa Mwanjelwa, inua mkia wa "dume" lako ukaangalie. Paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Huwa nadra sana kupata dume.

#31 Kaka wa Mwanjelwa
Nimeangalia. Tuendelee na mada.

#32 Babu wa Ludewa
😂😂 Miaka mingapi unamwita Shabani?

#33 Mifugo Mstaafu
Mtwivila yuko sahihi, jeni inayoamua rangi iwe nyeusi au ya chungwa iko kwenye kromosomu ya X, na jike anazo mbili. Madume wa rangi ya chungwa tupu, kama shume wetu, ni wengi kuliko majike.

Nirudi kwenye kuhasi. Vijana wanaona huruma, lakini sisi watu wa mahindi tunalijua somo hili. Maksai wawili wanavuta plau moja siku nzima, hawajali nani anatangulia. Paka dume naye akihasiwa wengi wanapunguza kuzurura, kupigana na kurusha mkojo ukutani. Ila si siku hiyo hiyo. Homoni inapungua taratibu, na kwa wiki kadhaa bado anaweza kutia mimba. Na dume aliyepigana miaka mitano anaweza kubaki na tabia, kama mstaafu anayeamka saa kumi na moja. Sikujua naye afungwe kizazi, ukimhasi dume mmoja atakuja mwingine.

#34 Mzee wa Block T
Mimi napinga. Mnamnyang'anya uanaume kwa kuwa anawanyima usingizi. Majirani wanaopiga muziki mpaka alfajiri mbona hamuwahasi?

#35 Mke wa Mwalimu
Hoja ya muziki naiunga mkono.

#36 Mama Usipa
Mwanzisha uzi mbona kimya? Yule mgonjwa vipi? Na mwenye nyumba na sumu yake? Mwambie sumu haichagui. Mtaani kwetu iliwekwa kwa ajili ya paka, wakafa mbwa wawili na kuku wa mchungaji.

#37 NyumbaYaBati
Samahanini wakuu, nilikuwa uwanja wa vita. Nawapa mrejesho.

Jumatano nilikopa tenga la kuku kwa mama muuza mayai. Nikaliweka chini ya karo pale pale anapolala, ndani nikatandika nyasi kavu na usipa niliouchemsha ukanukia uani mzima. Siku ya kwanza alikaa nje ya tenga akilitazama. Alhamisi usiku uvimbe ulipasuka wenyewe, na kweli Mifugo Mstaafu, harufu ilitangulia. Nadhani alipata nafuu, maana Ijumaa alfajiri nilimkuta ndani ya tenga, kamaliza usipa, kalala. Nikashusha kifuniko, nikafunga kamba, nikafunika na kitenge. Alilia mara moja tu halafu akanyamaza kabisa. Giza lilimtuliza kuliko maneno yangu yote.

Bwana mifugo wa kwanza niliyempigia alicheka. Aliniambia yeye hatibu "wanyama wa mchezo", akakata simu. Wa pili, kijana, alikuja na bajaji. Alimchoma usingizi kupitia kwenye matundu ya tenga, akaosha lile shimo (kidole changu kingeingia), akamchoma antibayotiki. Akasema kuhasi ni baada ya kidonda kukauka, asirundikiwe maumivu mawili. Gharama yote, bei ya kuku wawili wa kienyeji. Sikio alitaka kulikata ncha la kushoto siku ya kuhasi ili ajulikane keshafanyiwa, akaliona la kulia akasema, huyu anajiandikia mwenyewe.

Alipokuwa amelala nilimgusa mara ya kwanza. Yale mashavu niliyoyacheka ni magumu kama ngozi ya ngoma, yamejaa makovu madogo madogo, mengine yameshaota manyoya meupe juu yake. Nilikaa nayahesabu nikaishia kumi na saba.

Jina ni Tiketi. Mtwivila Juu umeshinda.

#38 Mtwivila Juu
Nilisema mimi.

#39 Mama Usipa
Ndaga fijo, mwanangu. Na sufuria ya usiku?

#40 NyumbaYaBati
Nimeiondoa, jirani naye kaondoa baada ya kumsomea bandiko lako. Tiketi anakula nyuma ya choo, Sikujua ndani, wale wawili kwa jirani. Robo saa, vyombo juu.

#41 Kinu cha Ipogolo
Na magunia ya mahindi je?

#42 NyumbaYaBati
Mpangaji wa chumba cha tatu ana magunia kumi na mawili koridoni. Sijamgusa, huyo ana hasira kuliko Tiketi.

#43 NyumbaYaBati
Mrejesho wa mwisho kwa sasa, zimepita wiki saba. Tiketi kahasiwa, Sikujua kafungwa kizazi. Tiketi anaruhusu nimkune kichwa kwa sekunde nne, ya tano anakoroma. Nimemwekea boksi lenye nyasi kavu chini ya ngazi, maana blanketi lilikuwa linashika unyevu na baridi hii ya Julai si mchezo.

Ila usiku wa jana saa nane, ngumi tena. Nimetoka na tochi na sufuria nikijua ni yeye. Ni yale madume mawili ya jirani, ndugu wa tumbo moja, wamekamatana mtaroni. Tiketi kalala juu ya bati la choo, mikono kaikunja chini ya kifua, anawatazama.

#44 Fundi Redio
Kuna jike jipya mtaani. Chunguza.

#45 Kinu cha Ipogolo
Magunia kumi na mawili.

#46 Mifugo Mstaafu
Ndugu wakishakomaa undugu haupo tena. Waletwe nao wahasiwe, na mmoja akae ndani usiku mpaka watulie.

#47 Saa Nane Kamili
Saa nane usiku, tena. Mimi sisemi kitu.

#48 Mama Usipa
Mwenye nyumba anasemaje kuhusu sumu?

#49 NyumbaYaBati
Alikuja kuchukua kodi jana. Kasimama uani, kaangalia juu ya bati, kaniuliza, "Lile paka lenu limekula?"

#50 Mtwivila Juu
Bado yuko kwenye "li". Mpe mwezi mmoja.